Mwalimu, Mama Yako Ameniuliza Habari za Lile Paja

Mwalimu wangu Athman,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kile kiti chako cha jikoni hapa hospitali, kile kilichopinda mguu ambacho hukutaka fundi akiguse. Wamenipa kazi yako. Hawakuniuliza kama naiweza, nami nikaitika kabla sijajiuliza, na sasa kila asubuhi nikifunga aproni nasikia kama nimeingia chumbani kwa mtu bila kupiga hodi. Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Nakuandikia kwa ajili ya mama yako. Tangu ututoke, Bi. Rukia amekataa chakula.

Dada yako Zainabu alinipigia simu hospitali baada ya hitima yako. Akaniambia mama anashinda na chai ya rangi na kipande cha mkate wa mofa, na hicho kipande chenyewe anakimega kuwaridhisha walio mbele yake tu. Vidonge vya presha anavimeza tumbo likiwa tupu. Daktari ameshasema akiendelea hivyo atamlaza na kumtundikia maji. Zainabu akasema, "Wakesho, wewe ulikuwa mkono wa kulia wa kaka yangu. Yeye angekuwako angemlisha. Njoo umjaribu."

Nikaja, Mwalimu, na vitabu vyako vyote kichwani. Siku ya kwanza nilileta supu ya samaki changu, haina chumvi hata chembe, safi kama ulivyonifundisha kwa mtu wa presha. Mama akaitazama, akasema, "Ahsante, mwanangu. Iweke hapo." Ikakaa hapo mpaka ikapoa, ikaota utando. Siku nyingine nikaleta uji wa wimbi. Nao ukawekwa hapo. Nikamletea na mkate wa sinia, nikijua sukari yake haimfai sana, maana nilishaanza kubembeleza. Akaumega, akaumung'unya kidogo, akanirudishia kwa adabu kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. Nilitoka kwenu nikapita zile njia nyembamba za Mji wa Kale machozi yakinitoka, na watu barazani wakinipa pole wakidhani nimefiwa jana. Nilikuwa nimekukasirikia, nikuambie ukweli. Umeondoka bila kunionyesha namna ya kumlisha mtu anayekulilia wewe.

Usiku ule nilipiga moyo konde, nikajiuliza wewe ungefanya nini. Ndipo nikamkumbuka babangu.

Unakumbuka alivyoletwa? Amepasuliwa tumbo, kidonda hakifungi, mbavu unaweza kuzihesabu juu ya shuka. Mzee aliyekuwa mhudumu wa behewa la chakula kwenye treni ya Nairobi karibu maisha yake yote, aliyebeba sinia gari likiyumba pale Voi bila kumwaga mchuzi, alikuwa hawezi kushika kijiko. Uliniita pembeni ukaniambia taratibu kwamba mwili wake umeanza kujila wenyewe. Mimi niliyekuwa nikipika pale pale jikoni sikuweza kumpa babangu kitu akakubali. Nilimpikia kimanga, chakula cha kwetu Taita, akageuza uso ukutani.

Halafu siku ile akatamka anachokitaka. Paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, lile walilokuwa wakiwapakulia wageni wa daraja la kwanza, na wahudumu wakibakiziwa vipande vya kwenye mfupa. Wauguzi wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama hapo hapo, na kofia yako ya kudariziwa kichwani, na swala ya adhuhuri ilikuwa imekaribia.

Wewe hukucheka. Ulivuta kiti ukakaa. Ukamuuliza, "Mzee, mlikuwa mkilikata nene au jembamba? Mkilila na nini?" Baba akafungua macho. Akakueleza wembamba wake kwa vidole. Akakueleza viazi vya kuponda na haradali kidogo pembeni. Alizungumza siku ile kuliko alivyozungumza wiki nzima, nawe ukisikiliza kama unayesikiliza habari za harusi.

Nilikuwa nimezoea kukusikia ukilisomesha lile paja darasani, kwa wale wauguzi wanafunzi. Ulilipa haki yake kama ulivyovipa dengu na samaki na mayai. Ulisema lina protini ya kujenga mwili, tena nyingi kwa kipande kidogo, maana maji yake yamekauka. Lina vitamini B ya kwanza nyingi kuliko hata nyama ya ng'ombe, lina madini ya zinki yanayosaidia kidonda kufunga. Kisha ukigeuza upande wa pili: chumvi yake ni kali, mtu wa presha na mtu wa figo wasilipitie hata mlangoni, na ule ukingo wa mafuta ukatwe. Kuna kijana mmoja aliyekuuliza utajuaje faida ya kitu usichokionja. Ukamjibu, "Na daktari mwanamume anayezalisha, amewahi kushikwa na uchungu?" Darasa likaangua kicheko. Halafu ukasema yale maneno ninayoyasema mimi sasa mbele ya wanafunzi: "Mimi silili, na sitalila. Lakini sitalisingizia."

Ulikwenda kwa daktari mwenyewe. Ukamwambia presha ya mzee iko chini, figo zake nzima, kinachomuua ni njaa. Daktari akaridhia. Ukanielekeza bucha ambayo hujawahi kukanyaga, nami nikaleta kipande kimefungwa karatasi juu ya karatasi. Kulikuwa na rafu yake ya peke yake, sufuria yake, na kile kisu ulichokizungushia plasta nyekundu kwenye mpini ili mtu asije akakosea. Hukugusa kitu. Ulisimama hatua chache ukiwa umefunga mikono nyuma, ukanipa maagizo. Liloweshe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, tia mengine. Nilipokuuliza umejifunza wapi, ukasema ndivyo mama yako anavyomfanya papa mkavu, na chumvi ni chumvi.

Halafu tukafika mahali pagumu. Chumvi imetoka kiasi gani? Wewe huwezi kuonja. Ukaniangalia ukasema, "Leo ulimi wangu ni wewe, Wakesho. Usiniambie ninachotaka kusikia." Nikaonja, nikakuambia bado. Ukanirudisha kwenye maji. Nikaonja tena, bado. Ningeweza kukudanganya, nilikuwa na haraka ya babangu, na ungeniamini, maana hukuwa na njia ya kuhakikisha. Ndiyo sababu sikuweza. Hakuna aliyewahi kuniamini namna ile kabla, na sijui kama atatokea mwingine.

Nikalitokosa, nikalikata jembamba, nikaponda viazi vya soko la Marikiti bila chumvi kabisa ili paja lenyewe litie ladha. Baba akala. Akamaliza, akauliza kama kipo kingine. Hukujisifu. Ulisema paja lile halikumponya, lilimfungulia mlango tu, na kweli baada ya hapo mayai yakapita, maharagwe yakapita, na kidonda kikaanza kufunga. Wewe ulikuwa umeshakwenda kwa mgonjwa mwingine.

Basi juzi nilikuja kwenu mikono mitupu. Nikamwamkia mama, akaniitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nikavuta kigoda nikamuuliza, kama ulivyomuuliza baba, moyo wake unataka nini.

Akasema, "Sitaki kitu cha kula. Nataka kuuliza." Akamwambia Zainabu atuache. Akanivuta mkono. "Ndoo hapa karibu. Nambia kweli. Ile nyama mwanangu aliyokuwa akiwafundisha watu, ile ya nguruwe. Ina faida yoyote?"

Mwalimu, sikujua. Hukuwahi kuniambia kwamba mtaani walikuwa wakikutania, kwamba kuna waliokuita mpishi wa nguruwe. Mama yako alilisikia neno hilo harusini, mbele za wanawake, akarudi nyumbani akalifungia kifuani. Aliniambia, "Tangu siku ile sikumuuliza tena habari za kazi yake. Naye hakunambia. Alikuwa akirudi, akioga, akila chakula changu, twazungumza ya watu. Miaka yote ile. Sasa amekufa na mimi siyui mwanangu alikuwa akifanya nini kutwa."

Nikaelewa kwa nini supu yangu ilikuwa ikipoa.

Nikamwambia yote. Sikupunguza wala kuongeza, nilihisi umesimama nyuma yangu umefunga mikono. Nikamwambia ndiyo, ina faida, nikamtajia moja moja. Nikamwambia na madhara yake, na kwamba yeye na presha yake hata asingekuwa Mwislamu ingekuwa haramu kwake. Hapo akatabasamu kidogo. Nikamwambia hukuigusa hata siku moja, kisu kilikuwa na alama, na kuonja niliweka ulimi mimi. Kisha nikamweleza habari za babangu, tangu mbavu mpaka viazi. Nilipofika pale ulipovuta kiti, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Halafu akauliza, "Na yu hai, huyo babako?"

"Yu hai, mama."

"Yuwala?"

"Yuwala. Juzi alinigombeza nimempunguzia ugali."

Akafuta macho kwa upindo wa leso, akamwita Zainabu, akamuuliza kama nyumbani kuna papa. Nami, kwa kichwa changu kigumu, nikaingilia, nikasema papa ana chumvi nyingi, mama, lazima aloweshwe usiku kucha na maji yabadilishwe. Laiti ungemuona alivyonitolea macho. "Wewe wanifundisha mimi kulowesha papa?" Zainabu alikimbilia jikoni ili asicheke mbele yake.

Nilirudi jana mchana. Papa alikuwa amebadilishiwa maji mpaka amekuwa mpole, ametiwa nazi na ndimu. Mama akala wali na papa. Si mwingi, lakini alikula, kwa mkono wake, na ile sahani ndogo akaifuta. Nikatazama pembeni, maana nilikuwa karibu kulia. Nilikumbuka tulivyokuwa tukila muhogo pale ufukweni Mama Ngina baada ya kazi, wewe ukimwambia muuzaji atie pilipili na ndimu, chumvi aache, na yule muuzaji akikutazama kama umemtukana. Ulisema raha ya kazi yetu ni kumuona mtu akimaliza sahani. Nilidhani unatania.

Mama alipokwisha nawa, akaniambia, "Mlete babako. Nataka kumuona akila."

Sasa sikiliza lililopo. Baba anaona haya. Kwetu mtu akifa tunakaa vikao, tunachanga, tunazika baada ya wiki au zaidi. Siku ile nilipompelekea habari, alinyoosha suti yake, akaagiza atengewe nafasi ya kusema maneno mawili kaburini, akafika kesho yake akiwa amejiandaa. Wewe ulikuwa umeshazikwa tangu alasiri ya siku ile ile. Alisimama kwenye kona ya mtaa wenu, amevaa tai, akageuza akarudi zake bila kugonga mlango. Tangu hapo anasema mtu aliyechelewa kumzika aliyemponya atakwenda kwa mama yake na uso gani.

Jana usiku nikamwambia alivyosema mama. Aliuliza tu, "Amesema nikila?" Nikamwambia ndivyo. Akaenda kuitoa ile suti.

Jumapili tukitoka kanisani nitamleta, Mwalimu. Zainabu ameahidi kuku wa kupaka. Nami nakuahidi wewe kwamba katika jiko hili hakuna chakula kitakachosingiziwa, wala mgonjwa atakayepakuliwa kabla hajaulizwa. Mungu akulaze pema. Pumzika, umefanya kazi kubwa, na mama yako sasa anaijua.

Kuna maneno ambayo baba hakuyasema kaburini. Nilimuuliza jana alikuwa amekusudia kusema nini. Akasema, "Nilishiba."

Mwanafunzi wako,
Wakesho