Maji ya Kisima Kwenye Rejeta

Jumamosi, likizo ya Agosti. Katangi.

Baridi imekaa tangu alfajiri na jua halijajitokeza hata kidogo. Mikono yangu inanuka limau na grisi. Nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja, na sijui ni ipi imezidi, kwa hivyo naandika kabla moja haijaimeza nyingine.

Nianze na ukweli. Mimi ndiye niliyeiharibu mashine ya Mama.

Mpaka leo asubuhi nilikuwa najua peke yangu. Sasa Mama anajua, na nyinyi wachache mnaosoma ukurasa huu mnajua.

Mashine yenyewe ni pikipiki ya magurudumu manne, ile inayoitwa kwodi. Si ile ya kuwazungusha watalii. Hii ni ya kazi: ina kibebeo cha chuma mbele na nyuma, matairi manene, na ndoano ya kuvutia tela. Mama aliinunua Aprili kutoka ranchi moja upande wa Athi River iliyokuwa inauza vitu vyake vikuukuu. Rangi imechunika, kiti kimeshonwa mara mbili, taa moja ni kipofu. Ili kuipata aliuza dume letu, na kijiji kizima kikacheka. Mama Mumbua ameuza ng'ombe akanunua kitu kisichokula nyasi!

Hawakuuliza kwa nini. Ningewaambia, kama ningekuwa mtu wa kuwaambia watu mambo.

Mama amebeba maji kwa mukwa tangu akiwa mdogo kuliko mimi. Ukanda unapita kwenye paji la uso, mtungi unakaa mgongoni, na shingo ndiyo inayobeba kila kitu. Mwaka jana shingo ilikataa. Mkono wake wa kushoto ukaanza kufa ganzi hadi akawa anaangusha vikombe. Daktari alimwambia asibebe tena mzigo kwa kichwa, la sivyo mkono huo utamwacha kabisa. Punda wetu alikuwa ameshaibwa. Baba anashona nguo kiwandani EPZ na huja mwisho wa mwezi. Kisima cha pampu kiko bondeni, na kutoka huko hadi kwetu ni mlima mtupu.

Kwa hivyo kwodi. Kwa miezi mitatu Mama aliteremka bondeni na leso yake kiunoni, akapanda na mitungi sita, na mkono wake ukaanza kurudi. Mwezi wa Julai alinisuka nywele mwenyewe. Alikuwa hajanisuka mwaka mzima.

Sasa kosa langu.

Mashine ilikuja na kitabu chake, kimechanika jalada, kurasa zimeshikana kwa oili. Kila mtu alikiona takataka. Mimi nilikisoma chote, na kamusi pembeni, kama wengine wanavyosoma hadithi za mapenzi. Ukurasa wa rejeta, ile sehemu ya maji yanayopoza injini, unasema waziwazi: usitie maji yenye chumvi wala madini. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Kisha nikaangalia mtungi wa maji ya kisima niliokuwa nimeushika.

Mtu wa huku Yatta hahitaji kuelezwa maji ya kisima chetu yakoje. Sabuni haitoi povu. Sufuria ya chai inaota ganda jeupe kama chokaa. Maji matamu ni ya mvua, na ya mvua yako kwenye tangi, na bomba la tangi lina kufuli kuanzia Juni hadi mvua ya Oktoba. Nyumba nyingi hapa ziko hivyo. Maji ya mvua ni ya kunywa, ya mgonjwa, na ya chai ya mgeni. Ukimwona mtu anaoshea miguu maji ya mvua mwezi wa Agosti, unajua huyo si wa huku.

Ningemwombaje Mama afungue kufuli ili injini inywe?

Anko alikuwepo siku hiyo. Anko ni kaka mkubwa wa Baba, na Baba akiwa kazini yeye ndiye sauti ya boma. Nilijaribu. Nilisema polepole kwamba kitabu kinasema maji yasiwe ya chumvi. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Profesa! Maji ni maji. Ama rejeta iko na ulimi?"

Nikamimina.

Nikaendelea kumimina wiki baada ya wiki, kila kiwango kiliposhuka. Nilikuwa najua. Hicho ndicho kinachonichoma. Asiyejua husamehewa. Mimi nilijua, nikaona haya, nikanyamaza.

Jumatano wiki hii, katikati ya mlima, taa nyekundu ya joto iliwaka na mvuke ukaruka kama sufuria iliyofunikwa vibaya. Mama alizima injini akaketi kando ya njia akiishika shingo yake, ingawa hakuwa amebeba kitu. Nilimwona nikiwa nyuma na mtungi mdogo.

Alhamisi Anko alileta fundi kutoka sokoni. Fundi alifungua kifuniko cha rejeta, akachungulia, akafunga. Hakuchukua muda hata wa kunywa chai aliyokaribishwa.

"Hii hed imeenda, mama. Na hizi vitu za ranchi, spea utatoa wapi? Uza chuma tu, uokoe kitu."

Anko hakusita. Ana rafiki mwenye lori anayenunua chuma chakavu. Jumatatu litakuja. Mama aliangalia chini akasema, "Sawa." Jioni hiyo nilimwona akiutoa ule mukwa kutoka nyuma ya mlango na kuulainisha kwa mafuta ya kupikia.

Sikuweza kula.

Jana nilirudi kwenye kitabu. Kinasema hed, yaani sehemu ya juu ya injini, ikipasuka gasketi, maji huingia kwenye oili na oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilienda bandani, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha, nikachomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi. Haikuwa na hata tone la maziwa. Fundi hakukigusa kijiti hicho, nilikuwa pale, niliona. Kisha nikafungua rejeta, ikiwa baridi kabisa, nikaingiza kidole. Kikatoka na unga mweupe na kipande kama cha ganda la yai.

Ganda lilelile la sufuria ya chai.

Na sufuria ya chai Mama huisafishaje? Huichemshia limau.

Leo asubuhi nilimkuta jikoni akipuliza moto. Nikamwita Mwaitu, mama kwa Kikamba, jinsi ninavyomwita nikiwa na hofu. Nikamwambia yote. Kitabu, kisima, wiki zote zile. Nilitarajia kofi, au neno lililo baya kuliko kofi. Aliendelea kupuliza moto mpaka ukashika. Halafu akaniuliza swali moja tu.

"Inataka maji ngapi?"

"Mitungi miwili. Labda mitatu, ya kusuuza."

Mitungi mitatu ya mvua, mwezi wa Agosti. Akafungua fundo la leso, akatoa ufunguo, akaenda kwenye tangi bila kuniangalia. Nilisikia kufuli likianguka. Sitasahau sauti hiyo.

Tulichuma malimau mpaka mti ukabaki na yale ya juu tu. Tulikamua beseni zima, tukachuja kwa kichujio cha chai ili mbegu zisiingie, tukachanganya na maji ya mvua ya uvuguvugu, tukajaza rejeta. Nikawasha injini kwa muda mfupi, nikazima, tukasubiri ipoe. Tukafungua chini. Kilichotoka sikijui jina. Uji wa kahawia wenye magamba meupe, mkononi kama mchanga. Mama alikishika, akakisugua kwa vidole viwili, akatikisa kichwa.

"Na hii ndio tunakunywa kiangazi kikizidi," akasema.

Mara ya pili yalitoka ya njano. Tulikuwa tunaanza mara ya tatu Anko alipoingia bomani. Hakuwa peke yake. Mwenye lori alikuwa amekuja mapema kuangalia mzigo wake, amevaa koti kubwa, na alishaanza kupiga matairi mateke.

Sijui nini kilinipanda. Mimi ndiye yule msichana ambaye mwalimu akimwita asome mbele ya darasa, sauti inakauka. Mimi ndiye ninayezunguka nyuma ya duka ili nisisalimie watu waliokaa mbele. Nilipanda kwenye kiti cha kwodi nikashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Shuka, Mumbua," Anko akasema. "Watu wako na kazi."

"Sishuki."

"Unasema?"

"Hed haijaenda, Anko. Angalia oili. Chomoa hicho kijiti uangalie."

Akageukia Mama. "Mama Mumbua, unasikia hii mtoto yako? Kitabu imemharibu kichwa. Mnaosha injini na limau? Si muongeze chumvi na pilipili, tukule."

Mwenye lori alicheka. Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto, na machozi yalikuja, siwezi kudanganya. Nililia nikiwa nimekaa pale juu. Lakini sikushuka. Mtu anaweza kulia na asishuke. Sikujua hilo mpaka leo.

Aliyechomoa kijiti ni mwenye lori. Aliinama, akakifuta kwa koti lake, akakitumbukiza, akakitoa, akakiinua kwenye mwanga. Akanusa. Kisha akamwambia Anko kwa sauti ya chini, ila nilisikia, "Oili iko sawa, bwana. Hii sio ya chuma."

Anko alisema tutaona ikipanda mlima. Hata mimi nilitaka kuona ikipanda mlima.

Tulisuuza, tukajaza maji matamu, tukateremka bondeni. Mama akiendesha, mimi nimekaa kwenye kibebeo cha nyuma, macho yangu yako juu ya bega lake kwenye ile taa. Pale kisimani wanawake walitukodolea macho kuona kama tutajaza. Tulijaza mitungi yote sita. Mmoja akaniuliza kama nimeweka na nyanya ndani ya injini, kwa hivyo habari ya malimau ilikuwa imetutangulia. Nikamjibu kwamba nyanya ni za kesho. Walicheka, na safari hii nilicheka nao.

Tulipofika pale ilipochemka Jumatano, taa haikuwaka. Nikaanza kuhesabu miti. Kwenye kona ya mwisho, karibu kabisa na boma, ikawaka.

Mama alizima injini. Tulikaa pale ipoe, mvuke haukutoka, maji hayakumwagika. Tukawasha tena, tukamaliza kona, tukaingia nyumbani na mitungi sita.

Kwa hivyo haijapona. Rejeta bado ina uchafu mahali ambapo limau halijafika, na ile dawa ya kijani ya rejeta itabidi itafutwe Matuu. Sitaandika kwamba nimeshinda. Nitaandika kwamba Jumatano ilifia katikati ya mlima na leo imefika nyumbani.

Anko alikuwa bado ameketi bomani na rafiki yake. Akauliza, "Imewaka ama haijawaka?"

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeiona taa isipokuwa sisi wawili.

"Imewaka," nikasema. "Kwenye kona ya mwisho. Tutaiosha tena."

Aliangalia mitungi. Akaangalia Mama, ambaye alikuwa anashusha mtungi wa kwanza polepole kwa mkono wa kulia. Akainuka, akashusha mingine mitano yeye mwenyewe, akaondoka bila kuaga. Hakusema Jumatatu imefutwa. Hakusema haijafutwa.

Jioni tulikaa tukichambua ndengu. Mama akaacha kuchambua, akaniuliza.

"Hicho kitabu yako. Ni nini ingine imeandikwa na hujaniambia?"

Nikaingia ndani nikakileta.

"Kuna breki," nikasema.

"Breki imefanya nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia filta ya hewa, ambayo ilipaswa kusafishwa kila wiki kwa vumbi la huku na haijaguswa tangu Aprili. Nikamwambia matairi ya nyuma tunayajaza upepo kupita kiasi, na kwamba tusipande mlima na mitungi yote sita mpaka rejeta ipone. Nilifungua kitabu nikamtafsiria ukurasa kwa ukurasa mpaka ndengu zikaisha, na mara mbili alinisimamisha akasema, "Rudia hapo."

Sijui Anko ataamua nini na Baba kwenye simu. Baba humsikiliza sana kaka yake. Basi wazungumze. Mimi nimezungumza yangu, na Baba akinipigia nitayazungumza tena, hata kama sauti itatetemeka.

Kesho baada ya kanisa tutachuma yale malimau ya juu ya mti.

Na Jumatatu asubuhi, yeyote atakayekuja na lori kuitafuta mashine hii asije bomani. Aende kisimani. Ataikuta kwenye foleni, imebeba mitungi minne.