Kura Iliyomwacha Mama Nje

Kaka mpendwa,

Huku hatujambo, na paka wako kazaa tena kabatini. Uliuliza kama kweli wanunuzi wa huko uliko wametuletea demokrasia pamoja na oda za mashati. Waliileta. Mimi ndiye niliyewatafsiria pale kiwandani: mafundi wasipochagua msemaji wao, hawanunui. Wakamchagua Shangazi, mama yako. Akadai feni na mapumziko, akapata. Bei ya shati ikapanda, wanunuzi wakahamia kwingine, kiwanda kikafungwa.

Juzi tajiri mwenye kiwanda kaleta habari: amepata oda nyingine, mafundi wote warudi, isipokuwa mama yako.

Wakakusanyika sebuleni kwenu. Fundi wa vifungo akasema, "Dada, turudi kimyakimya tu, tutakuombea baadaye."

"Kimyakimya? Kwani mnakwenda kuiba?" Mama yako akacheka. "Tupige kura kama tulivyozoea. Wanaotaka kurudi bila mimi, mikono juu!"

Nilisimama mlangoni na sinia la vikombe. Nilitaka kupiga kelele wasikubali, lakini unanijua nilivyo na aibu, nikagawa vikombe tu. Mikono ikapanda mmoja mmoja, macho chini. Mama yako akaihesabu mwenyewe. Mkono wa fundi wa vifungo ulikuwa nusu juu, mama yako akaushika akaunyoosha.

"Wengi wameamua," akasema. "Haya, kesho msichelewe."

Nisamehe, Kaka. Ukikutana na wale wanunuzi, waambie somo lao tulilishika hata baada ya wao kuondoka. Mama yako anatafuta kibarua.

Mdogo wako,
yule mnayemwita Bubu