Presha ya Baba Haikushuka

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini wewe na wadogo zangu mko wazima, na kwamba upepo haukuangusha migomba ya nyuma ya nyumba. Huku Mwanza tuko salama, na leo nina furaha mpaka mkono unakimbia kuliko kichwa. Kwenye simu huwa nasema "ndiyo, Mama" tu, najijua, kwa hiyo acha niandike.

Unakumbuka daktari alisema Baba akivumilia mashine ya kusafisha damu bila presha kushuka, atahamishiwa Bukoba, karibu na nyumbani. Lakini ilikuwa inashuka kila mara. Sista alinieleza kwamba maji anayokunywa Baba hayatoki tena kwa mkojo, yanaisubiri mashine. Yakizidi, mashine inayavuta kwa haraka na presha inaanguka. Kwa Baba inaanza na miayo. Siku moja akapiga miayo, mimi nikaona aibu kuita mbele ya wagonjwa wote, nikanyoosha mkono kama darasani! Mzee wa kitanda cha jirani akapaza sauti, "Sista, mwanafunzi ana swali!" Wakaja mbio, wakamlaza kichwa chini, miguu juu, akapata nafuu.

Na maji yenyewe yalitoka kwa wageni, Mama. Watu wetu wa Karagwe walioko huku wanakuja jioni na kidumu cha omuramba, juisi ya ndizi ya kwetu, na Baba hawezi kumwacha mgeni anywe peke yake. Wiki iliyopita Baba Mdogo wa Igurwa, anayeuza maharage sokoni, alimjazia bilauri mpaka juu. Nikaishika ile bilauri kabla Baba hajainua.

"We mtoto, unamnyima baba yako?"

"Shikamoo, Baba Mdogo," nikajibu. Nilikuwa nimeshamwamkia alipoingia.

Baba akacheka. "Huyu akifungua mdomo, waitu, ndugu zangu, msikilizeni."

Nikaeleza yote nikiangalia sakafu. Baba Mdogo akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna, ile ya kumpokelea mgeni kwetu, akampa Baba punje moja. "Basi leo tutafune. Mgeni nimeshapokelewa." Sista naye alisema punje moja haina neno.

Tangu siku hiyo hakuna miayo. Leo Baba amebishana na yule mzee jirani, eti ndizi za Bweranyange na za Muleba zipi tamu, mpaka mashine ikamaliza kazi. Daktari ameandika uhamisho wa Bukoba!

Nisalimie Bibi, na kaka Asimwe aliyeko Rubwera. Mwalimu wangu wa Kiingereza mwambie ni mimi ninayemsomea Baba maandishi ya mashine.

Njoo stendi Bukoba utupokee. Baba anasema atashuka kwenye basi mwenyewe, asishikwe mkono na mtu. Mimi nitakuwa nyuma yake kimyakimya, mikono tayari.

Binti yako akupendaye,
Kemilembe