Mashuka ya Refa

Jumatatu, 4 Machi

Sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye sala nalizungukazunguka tu. Naandika hapa mara moja, kisha basi: Baba anajikojolea.

Si usiku. Ni asubuhi, Mama akishaondoka kwenda kiwandani kushona, na Baba akishameza kidonge cha kutoa maji. Moyo wake umechoka, maji yanamjaa miguuni na kifuani, kidonge kinayatoa. Yanatoka kwa kasi! Choo kiko mwisho wa ukumbi na miguu yake haiwahi. Nilimpelekea ile chupa tuliyopewa hospitali. Akageukia ukutani. Binti yangu anishikie chupa? Haitatokea.

Kwa hiyo nafua. Nafua, naanika, natandika tena kabla Mama hajarudi. Baba amenikataza kumwambia. Mama akijua ataacha kazi akae naye – ameshatamka hivyo – na hapo tutakula nini?

Kuna jingine, baya zaidi. Namwonea haya. Baba yangu! Refa aliyekuwa anawatoa wanaume wazima uwanjani kwa kunyoosha kidole. Nikikamua yale mashuka nageuza uso pembeni. Mungu anisamehe.

Leo adhuhuri kiyoyozi kimekata tena.

Jumanne, 5 Machi

Fundi amekuja asubuhi, Mama akiwa bado hajaondoka. Amefungua kile cha ukutani, akatoa kichujio kilichojaa vumbi kama manyoya ya paka, akakiosha. Akaenda nyuma kusikiliza mashine ya nje. Ikavuma vizuri kabisa.

"Mgonjwa wenu mzima kuliko mimi," akasema.

Baba akajibu kutoka kitandani: "Fundi, huyo unamwona anapasha misuli tu. Ngoja mechi ianze."

Wakacheka wote. Baba akacheka mpaka akakohoa, na kukohoa kukachukua muda mrefu kuliko kucheka.

Mechi ilianza adhuhuri. Upepo ukawa vuguvugu, halafu moto. Nje mashine ikakoroma, ikanyamaza. Chumba kikawa tanuri. Baba akawa anapumua kwa mdomo, midomo imebadilika rangi. Nilimlowanisha kwa taulo, nikampepea kwa kipande cha boksi mpaka mkono ukafa ganzi. Daktari alituonya: joto kwa moyo kama huu ni kumkimbiza mtu asiyeweza kukimbia.

Sina la kuandika zaidi. Nimechoka.

Jumatano, 6 Machi

Fundi amerudi jioni. Amepima gesi – iko sawa. Amegusa nyaya – ziko sawa. Akamwuliza Mama: kuna kitu kinaizuia mashine ya nje isipumue?

"Kitu gani? Nenda kaangalie mwenyewe," Mama akasema.

Akaenda. Hakuna kitu. Akasema basi huenda kompresa imechoka, na ikiwa ni hiyo, tafuteni mashine nyingine. Mama akakaa kwenye stuli bila kuvua viatu.

Na mimi nimesimama mlangoni kama mwiko. Kwa sababu kitu kilikuwepo. Jioni kinakuwa kimeshaondoka, asubuhi hakijafika.

Nyuma ya nyumba kuna kichochoro kati ya ukuta wetu na uzio, upana wa mtu kujipenyeza. Mashine iko hapo, inapuliza hewa ya moto. Nilifunga kamba mbele yake. Shuka linakauka kabla sijamaliza kufagia! Nilijiona mjanja sana. Hakuna jirani anayeona, Mama akirudi kitanda kimetandikwa.

Ni mimi. Ni mimi ninayempikia Baba joto.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu nihakikishe. Nimeanika kama kawaida, nikasimama pembeni. Hewa ya moto inagonga shuka, inarudi, mashine inaimeza tena. Inajivuta moto wake yenyewe. Ikakata. Nikatoa shuka, nikasubiri, ikawaka. Nikarudisha – ikakata tena. Nilitamani kulia lakini Baba alikuwa anaita maji.

Mashuka nimeyatundika bafuni. Hayakukauka. Jioni Mama akamfunika Baba, akasita. "Mbona shuka lina unyevu?"

Nikasema nimemwaga maji. Baba akafumba macho.

Kamba nyingine iko uani mbele tu, penye jua. Inatazamana na uzio wa Mama Redio. Tunamwita hivyo kwa sababu habari zake hazina kitufe cha kuzima.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeanika mbele.

Kiyoyozi kimefanya kazi mchana kutwa! Adhuhuri imepita, alasiri imepita, chumba baridi. Baba kalala mdomo umefungwa, kifua kinapanda na kushuka taratibu. Nilikaa chini nikimtazama. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi hivyo.

Nilipotoka kuanua, kichwa cha Mama Redio kilikuwa kimeshapanda juu ya uzio.

"We binti! Kwenu mna kichanga siku hizi?"

"Hapana, shikamoo."

"Marahaba. Asubuhi nimesikia unafua, shuka nne. Jana nimesikia. Juzi nimesikia. Sabuni mnaila?" Akalitazama dirisha la Baba. Sauti ikashuka, yaani ikashuka kwa kipimo chake. "Ni mzee, eeh? Niambie mimi, mwanangu. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Mimi ninayeshindwa hata kumwita muuza duka. Sijui mdomo uliupata wapi ulimi.

"Ni yangu."

"Yako nini?"

"Mashuka. Nakojoa kitandani."

Akaweka kiganja mdomoni. "Msichana mzima! Umemaliza shule! Sasa nani atakuoa wewe, mvuvi?"

Nikaanua. Nikaangusha vibanio vyote.

Ndani, Baba alikuwa macho. Sauti ya Mama Redio haizuiliwi na kioo.

"Kibendera," akaniita. Ni jina alilonipa tangu utotoni, kwa sababu siongei, nanyoosha mkono tu kama msaidizi wa refa pembeni ya uwanja. "Kibendera, uamuzi wako haukuwa wa haki."

"Umeshapita, Baba. Refa habadilishi."

Hakucheka.

Jumapili, 10 Machi

Jana kitanda kikavu. Leo kikavu. Nimemshukuru Mungu nikiwa nimepiga magoti kabisa.

Mama anasema yule fundi ana mkono wa heri, mashine imepona. Amemsifu mpaka nikaona aibu kwa niaba ya fundi.

Dukani wasichana wawili niliosoma nao wameniuliza kama kwetu mvua imenyesha. Wakaegemeana kwa kicheko. Sijali. Yaani, najali, lakini si kama nilivyodhani. Ajabu ni kwamba sasa simwonei haya Baba tena. Sijui ilikwenda wapi. Labda aibu ni moja, na nimeshaibeba.

Jumatatu, 11 Machi

Leo pia kikavu. Mchana nimemletea uji. Amesukuma bakuli, ameshiba, ameshiba nini? Ameomba mto wa pili mgongoni. Halafu wa tatu.

Nikafunua blanketi miguuni. Imevimba, inang'aa. Nikabonyeza kwa kidole, shimo likabaki pale pale.

Nilinyanyua mto niupange vizuri. Vikadondoka kutoka ndani ya foronya. Vidonge. Vimelainika, vimeliwa kingo na mate. Kila asubuhi anaviweka shavuni, nikigeuka anavitema.

"Baba!"

"Punguza sauti."

"Tangu lini?"

Akavuta pumzi kabla ya kila neno. Mchezaji akiona timu inachafuka kwa ajili yake, anatoka mwenyewe, hangoji kadi.

Nikamwambia meza kimoja, sasa hivi, mbele yangu. Nitafua. Nitafua mpaka nizeeke, na waseme wanavyotaka! Akafunga mdomo kama mtoto. Nikasubiri. Mimi ndiye niliyeangalia chini kwanza.

Halafu akanishika kifundo cha mkono. Usimwambie mama yako. Mpaka Ijumaa tu, apokee mshahara kwanza. Nikaitikia kwa kichwa. Kwa nini niliitikia? Vidole vyake havina nguvu, ningeweza kujitoa.

Naandikia jikoni. Kiyoyozi kinavuma vizuri kuliko siku zote, huku nyuma hakuna kitu kinachokizuia. Chumba baridi, na Baba anapumua kwa mdomo, kifua kinatoa mlio kama chungu kinachoanza kuchemka. Si joto tena. Sina kamba ya kuhamisha.

Geti limelia. Ni Mama, navijua viatu vyake. Anaongea tangu ukumbini: nyumba imepoa, jamani, leo mgonjwa wangu ametulia eeh? Vidonge viko kiganjani, vinaninata. Ananiita.

Itunze siri hii wewe, daftari. Usimwambie mtu. Walau mmoja wetu aitunze, maana mimi Mama akinitazama tu usoni –