Kinanda cha Baba Kilipojaa

Nyumbani, ghorofani juu ya duka la vitambaa
Jumapili, alasiri

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Mama Mdogo na watoto, na kifua chako kiwe kimeacha kukusumbua kwa baridi ya huko. Sisi tunapumua. Mama mguu unamvimba lakini kukaa chini hataki, unamjua.

Baba anaendelea, ila polepole. Tangu kiharusi kimpate, mkono wa kulia umelala kama si wake. Maneno yanatoka nusunusu, na yakichelewa anakasirika, ananyamaza siku nzima. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anasema tuvute subira. Navuta, lakini akisinzia mchana nasimama mlangoni kusikiliza kama anapumua.

Kuna jambo limenitetemesha na sina mwingine wa kumwambia. Kazi ya kupiga kwenye sherehe nimeirithi mimi, na ninatumia kinanda chake kile kikubwa. Unakumbuka alivyokuwa akikaa nacho: apige ngoma kwanza, kisha besi, kisha sauti za juu, kinanda kikihifadhi kila sehemu mpaka wimbo ukamilike. Nyimbo zake zote zimo humo, hakuandika hata moja. Sehemu ya kutia diski ilikufa zamani na fundi alisema kipuri chake hakipatikani tena. Kwa hiyo kikifutika kitu, ndiyo basi.

Alhamisi nilikuwa naandaa wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini. Sijafika hata kiitikio, skrini ikaandika: KUMBUKUMBU IMEJAA. Nikabonyeza hiki na kile kutafuta nafasi. Mara ikauliza: FUTA ZOTE?

Baba Mdogo, niliondoa vidole upesi. Maandishi ya vitufe yamelika kwa miaka ya vidole vyake, sikujua kipi ni ndiyo na kipi ni hapana. Nikafikiria kuzima, nikaogopa kwamba kuzima nako huenda ni kukubali. Nikakaa mikono mapajani kama mtu aliyekuta nyoka kajikunja kitandani.

“Mama,” nikaita kwa sauti ya chini, kana kwamba kinanda kingesikia. “Mlete Baba.”

Akaja akiburuta mguu, Mama kamshika kwapani. Akatazama skrini, akanitazama mimi. Uso ule uliopooza upande mmoja sikuweza kuusoma. Mkono wa kushoto ukainuka, ukasita juu ya vitufe viwili vilivyokaribiana. Nikafumba macho.

“Ha... pana,” akasema, akabonyeza.

Nilipofumbua macho, nyimbo zake zilikuwa palepale.

Nilidhani tumemaliza, kumbe yeye alitaka kunipatia nafasi. Akanielekeza kwa kidole, neno hapa neno pale. Alikuwa na tabia, akishabonyeza noti, ya kuzidi kuikandamiza ili ilie kama mtu, na kinanda huhifadhi kila mkandamizo. Hiyo ndiyo iliyokula kumbukumbu. Tukaiondoa mikandamizo wimbo kwa wimbo, noti zikabaki. Nilisikia kila wimbo ukipauka.

“Baba, si tunaziua hizi?”

“Bora... zikonde,” akasema. Mama akacheka. Mimi nilishindwa.

Tukafika kwenye ule mliopiga wewe na yeye kabla hujasafiri, ambao besi yake ni ya mkono wako. Akaniamuru nifute sehemu aliyopiga yeye, ile ya sauti za juu, yote. Nikagoma. Akanisogeza kwa bega, akaifuta mwenyewe. Nikamwuliza na besi je.

“Hiyo ya mdogo wangu,” akasema, na maneno hayo hayakukatika hata kidogo.

Kisha akaomba kiti. Akaiacha besi yako ilie, akaweka mkono wa kushoto juu yake na kuanza kuitafuta upya ile melodi. Akakosea, akarudi. Akakosea tena.

Tangu siku hiyo habanduki hapo, na ndiko hofu yangu iliko sasa. Wimbo wa bibi harusi uliingia, sherehe imepita salama, lakini yeye anaendelea kufuta. Anafuta sehemu alizopiga mwenyewe tu. Namwona kama mtu anayefungasha. Leo asubuhi nikajikaza, nikamwuliza nafasi yote hii anamwekea nani. Akakutaja kwa lile jina lako la utotoni, akanionyesha kiti cha pili nikilete.

Nimekileta. Njoo, Baba Mdogo. Simu anaikataa, maneno yanamwaibisha.

Mama anakusalimu sana, na mzee wa duka la chini anauliza habari zako kila akiniona. Msalimie Mama Mdogo, na mapacha wabusu kwa niaba yangu. Mungu akufungulie njia, akufikishe ukiwa salama, na sisi atukutanishe tukiwa wote.

Mwanao akupendaye,
Chiriku