Phala na Mfupa Mbichi

Serowe, Jumapili

Boikanyo mwanangu,

Mvua bado, mbuzi wazima. Phala nampa nyama mbichi kama ulivyoagiza, nachanganya na ugali, na kila siku napunguza ugali. Jirani yetu MmaTebogo alichungulia uani akasema, "Yaani mbwa anakula nyama, wewe unashindia chai tupu?" Nikamjibu kwamba mbwa ana daktari, tena ni binti yangu.

Shida ikawa mfupa mbichi niliompa. Hakuutafuna. Aliubeba mpaka kwenye chungu cha chuma alichopikia baba yako nyama ya kuponda, akauweka chini, akalala akikitazama chungu. Huyu anataka nini? Kumbe anamngoja mpishi. Tangu tumzike baba yako, moto haujawaka pale.

Ule moto kwa mila zetu ni wa wanaume, najua, lakini jana niliuwasha mwenyewe. Nikapika kipande changu cha nyama, nikakaa na sahani karibu na Phala. Nilipoanza kula, naye akautafuna mfupa wake, mbichi vilevile.

Wewe uliyesomea wanyama, niambie: alikuwa anamngoja baba yako, au alikuwa ananingoja mimi nile?

Mama yako, ambaye jana alilala ameshiba.