Cheti Nilichokitia Jina Lako

Baba,

Mvua zimerudi mara mbili tangu tukuzike, na mara zote mbili nilikaa chini nikuandikie nikashindwa. Mama anadhani ninakulilia wewe. Ni kweli, ninakulilia, lakini kuna jambo jingine, nalo hulijui. Uliondoka bila kulijua kwa sababu mimi nilikuficha.

Ni habari ya Justin.

Unamkumbuka alivyokuwa akija kwa miguu kutoka Buluo, viatu mkononi ili visiishe. Uliporudi hapa Likasi, batelo zote za Bukama, boti zile za mtoni ulizokuwa ukiendesha, zikiwa zimesimama bila mafuta wala vipuri, na mshahara umekwisha kuwa hadithi, watu walikucheka. Kapiteni bila mto! Wewe ukaomba chumba cha nyuma cha kanisa letu, ukaanza kufundisha vijana waliokuwa wakichimba malakite, yale mawe ya shaba, na kuvunja kokoto kule Kakontwe. Ulisema mto haujafa, wafanyabiashara wanajenga batelo zao za mbao na watahitaji watu. Na ulikuwa na neno lako moja: "Muntu hakimbiake mayi, Mama. Anakimbiaka kazi yenye haina mbele." Uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako. Ili kazi ya maji iwe na mbele, ulipanga miaka minne. Mwaka wa kwanza kamba na mti wa kupimia kina. Wa pili mashine. Wa tatu usukani. Wa nne, kubeba watu. Kila mwaka kijana aone amepanda, aone kuna pa kupanda tena, asiondoke baada ya msimu mmoja kurudi shimoni.

Justin alikuwa wa kwanza katika kila kitu. Alikuwa amemaliza mwaka wa tatu miguu yako ilipoanza kuvimba.

Mikono yako ilitetemeka, hukuweza kushika kalamu. Wewe ulisema, mimi niliandika: masomo yote, barua, hata vyeti. Nilizoea mwandiko wako hadi nikausahau wangu.

Justin alikuja siku ya Mungu, baada ya ibada. Wewe ulikuwa umelala ndani. Mfanyabiashara mmoja wa Bukama alimtaka awe kapiteni wa batelo yake, lakini alitaka cheti kwanza. Justin aliongea chini chini pale jikoni, akiniita Yaya, dada mkubwa, kama vijana wako wote: "Yaya Odile, niko na batoto bawili, banashinda na njaa. Weye ndiyo unaandikaka yote. Andika tu. Ile ya mwaka wa ine nitajifunza mule mule njiani." Nilimwambia akuombe wewe. Akasema, "Atakatala." Alijua, nami nilijua.

Baba, niliandika. Nikatia jina lako chini, na mkia ule wa herufi ya mwisho uliokuwa ukiupindisha. 

Juma lililofuata uliniuliza, "Justin iko wapi?" Nikasema anaugua malaria. Ukafumba macho, ukamwombea. Nilikuwa nimekushika kichwa, ninakunywesha uji, na wewe unamwombea mtu mzima wa afya, mtu niliyemtuma mtoni mimi mwenyewe. Siku tisa baadaye ulikufa.

Habari ya ajali ililetwa na abiria wa treni. Ilikuwa asubuhi, kwenye mlango wa ziwa Kisale, pale ulipokuwa ukituchorea ubaoni jinsi mafunjo yanavyofunga njia. Mwenye batelo alikuwa amejaza samaki wakavu chini na watu juu ya magunia. Justin aliona batelo imezama mno. Alisema, tajiri huyo akamjibu kwamba makapiteni wako wengi. Akawasha mashine. Mbele njia ilikuwa imefungwa, akakata usukani kwa ghafla, na ule uzito wote wa juu ukalala upande mmoja. Yeye aliogelea, akatoa watu hadi mikono ikakataa. Wanne hakuwapata. Mmoja alikuwa mama aliyefunga mtoto mgongoni.

Nilipanda treni kwenda Bukama. Siku tatu nimekaa juu ya magunia ya abiria wengine. Nilikwenda kwa mkubwa wa bandari nikamweleza yote: cheti ni cha uongo, nimekiandika mimi, baba yangu hakujua. Nilikuwa nimebeba blanketi kwa sababu nilidhani watanifunga. Alicheka. "Mama, huku hata benye habana karatasi banaendesha. Rudia kwenu."

Sijawahi kuumia vile. Hakuna aliyetaka kunihukumu.

Nikamtafuta dada wa yule mama aliyezama na mtoto. Nilimkuta anaanika mihogo. Nilisimama kama mwanafunzi nikasema niliyokuja kusema. Hakupiga kelele. Alifanya kazi yake hadi ungo ukaisha, ndipo akaniuliza, "Baba yako angemufundisha nini yenye huyu hakujua?"

Nikasema: kukataa. Mwaka wa nne ulikuwa hasa wa hilo, Baba, au sivyo? Kupima uzito, kuchora alama ubavuni, na alama ikizama kutoa ufunguo wa mashine, kutia mfukoni na kushuka, hata tajiri akutukane mbele ya watu.

Akanijibu: "Basi wende ubafundishe." Hakusema amenisamehe. Nami sikuthubutu kumwomba.

Justin yuko Kakontwe sasa, anavunja mawe. Ninakwenda kumwona Jumamosi. Ukimwuliza habari za watoto anajibu. Ukitaja maji anainua nyundo na kurudia mawe yake. Yeye ndiye uliyemtaka afike mwisho wa ngazi, na mimi ndiye niliyemrusha juu hadi akaanguka. Mama anasema nimwachie Mungu. Namwachia, lakini Jumamosi ikifika miguu inakwenda yenyewe.

Chumba cha kanisa nimekifungua tena. Wamekuja tisa, wawili ni wasichana. Nimebadili mpango wako, unisamehe kwa hilo angalau: somo la kukataa limekuwa la siku ya kwanza, kabla ya kamba. Na kabla ya somo ninawaambia habari hii yote, na kwamba mkono ulioandika ni huu. Wawili walisimama wakaenda zao. Sikuwazuia.

Ila mmoja wa wasichana aliniuliza swali lililoninyima raha: "Yaya, weye umeisha kuendesha batelo?" Sijawahi. Masomo yote niliyaandika mimi, na mto nimeuona mara moja tu, nikiwa nimebeba blanketi.

Kwa hiyo kiangazi hiki nakwenda nao Bukama. Kapiteni mmoja mzee mliyefanya naye kazi amekubali kutupokea. Nimemwambia asinipe heshima yoyote kwa ajili yako.

Lala, Baba. Sitakuomba uniambie kwamba yamekwisha, kwa maana hayajaisha. Nakuahidi tu miaka minne, yote minne, nikijifunza pamoja nao, bila kuruka hata siku. Nitaanza na kamba.

Binti yako,
Odile